Somo: Tangi la gari la zamani linapokosa hewa

Gari linakwenda vizuri dakika 20 au 30, kisha linakosa nguvu na kuzima kama limeishiwa mafuta. Ukifungua kifuniko cha tangi, au ukisubiri kidogo, linawaka tena. Usikimbilie kununua pampu. Petroli inapotoka tangini, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Njia ya hewa ikiziba, pampu inashindana na mvuto wa tangi mpaka inashindwa, na tangi la bati linaweza kubonyea.

1. Jua upepo unakwenda wapi. Endesha mpaka dalili ianze, zima injini, kisha legeza kifuniko taratibu huku umeshika kipande cha karatasi ya shashi karibu na mdomo wa tangi. Karatasi ikivutwa ndani, hewa haiingii. Ikipeperushwa nje, mvuke hauna pa kutokea. Mlio mfupi wa hewa unapolegeza kifuniko ni kawaida kwa magari mengi. Wa kutia shaka ni ule mrefu, unaoambatana na gari kuzima au harufu ya petroli.

2. Kifuniko. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1970 hupumulia kwenye kifuniko chenyewe, kupitia kitundu kidogo. Yaliyofuata yana kopo la mkaa wa kunasa mvuke. Marekani makopo haya yalienea kuanzia modeli za 1971. Hapa ndipo wengi wanapokosea: vifuniko vya aina hizi mbili, chenye kitundu na kisichopitisha hewa, vinaweza kukaa kwenye mdomo uleule. Ukiweka kisichopitisha hewa kwenye tangi lisilo na mpira wa hewa (bomba la mpira la kupitishia hewa na mvuke), umelinyonga. Cha zamani kisafishe kitundu kwa waya mwembamba, na ukague gasketi yake.

3. Mpira wa hewa. Fanya kazi nje, injini ikiwa imepoa, waya hasi wa betri umetolewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujaa kwenye mashimo. Kwa hiyo usiingie kwenye shimo la gereji, na taa ya balbu ikae mbali. Fuata mpira kutoka juu ya tangi mpaka mwisho wake. Bonyeza kwenye kona: mpira uliochakaa huwa laini kama ulioloweshwa, na ukiukata utakuta ngozi ya ndani imevimba na kufunga tundu, ilhali nje unaonekana mzima. Mwisho ulio wazi huzibwa na tope au kiota cha nyigu. Badilisha kwa mpira wa mafuta wenye kipenyo kilekile cha ndani. Wa maji hauvumilii petroli.

Ukitaka kupuliza bomba, litenganishe na tangi kwanza. Upepo wa kompresa ukiingia tangini unaweza kulipasua.

4. Kopo la mkaa. Chomoa mpira unaotoka tangini, mwisho wa upande wa kopo, uuelekeze mbali na joto na cheche, ufungue kifuniko na kukifunga tena, kisha uendeshe kwa muda mfupi tu. Dalili ikipotea, kopo au tundu lake la hewa limeziba. Likiwa zito na linachuruzika petroli, mkaa umelowa, libadilishe.

Maswali ya wanachama

*Fundi, naweza kutoboa kifuniko tu nimalize?*
Hapana, ndugu. Petroli itamwagika kwenye kona, na gari likipinduka ni hatari ya moto. Tafuta kifuniko cha aina inayotakiwa.

*Langu halizimi, ila likikaa juani kabureta inafurika. Inahusiana?*
Ndiyo, inaweza. Petroli ikipata joto mvuke huongezeka, na presha ya tangi husukuma mafuta yapite sindano ya kabureta, ile inayofunga mafuta boya linapopanda. Angalia njia ya kutolea mvuke kwanza. Kama ni wazi, ndipo ukague sindano na boya.

*Nimebadilisha kopo, baada ya miezi michache limelowa tena. Kwa nini?*
Unajaza mpaka mdomoni? Pampu ya kituo ikijikata, acha hapo. Ukiongeza, petroli yenyewe inaingia kwenye mpira wa mvuke. Ukiwa hujazi hivyo, kagua mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye injini na valvu yake: injini isiponyonya ule mvuke, mkaa haukauki.

*Chembe nyeusi kwenye valvu hiyo ni nini?*
Ni mkaa. Kopo limepasuka ndani. Badilisha kopo, kisha usafishe mpira kabla ya kufunga valvu mpya, la sivyo itaziba palepale.