SOMO: Jina lako likigongana na neno lililotengwa na Python

"Mbona Python inakataa jina nililompa kigezo changu?" Swali hili linarudi kila wiki. Neno lililotengwa ni lile ambalo Python imejiwekea yenyewe, huwezi kulifanya jina. Naliweka hapa mara moja.

1. Soma kosa. SyntaxError kwenye class, from, lambda au pass maana yake jina hilo ni la lugha, si lako.

2. Hakikisha: import keyword, kisha print(keyword.kwlist). Hiyo ndiyo orodha ya maneno yaliyotengwa. Tangu toleo la 3.7 yako 35 (isipokuwa 3.9, yenye 36).

3. Ongeza kistari cha chini mwishoni: class_, from_. Ndivyo PEP 8, mwongozo rasmi wa mtindo wa kodi ya Python, inavyoelekeza. Ukiandika clas, atakayekuja kusoma atadhani umekosea tahajia na "atakurekebishia".

4. Hapa tulia. list, id, str, sum na input ni majina yanayokuja na Python, lakini HAYAJATENGWA. Andika list = [3, 5] na Python inapokea kimya. Mistari mia mbili mbele unaita list(data), unapata TypeError: 'list' object is not callable, unaanza kukagua mstari usio na hatia. Kwenye Jupyter (daftari la kuendeshea kodi kipande kwa kipande) ni balaa zaidi: hata ukifuta mstari wenye kosa, jina bado limekaa kwenye kumbukumbu. Andika del list, la asili litarudi, au anzisha upya keneli, yaani programu inayoendesha kodi ya daftari. Onyo: ndani ya fankisheni, list = list(x) inakupa UnboundLocalError, kosa tofauti kabisa kwa chanzo kilekile.

5. Faili lako lisiitwe random.py. import random italileta hilo badala ya moduli halisi.

Swali: Nimefuata yote, bado inagoma.
Jibu: Inagoma ikisema nini? Rudi hatua ya 1. Bandika kosa lote na toleo la Python.

Swali: Sijagusa kodi, nimehamia seva mpya tu, async inakataa.
Jibu: Umegusa Python: seva mpya ina toleo jipya zaidi. async na await zilitengwa rasmi kwenye 3.7, mwaka 2018. Kama jina liko ndani ya maktaba ya mtu, sasisha maktaba. Usihariri humo ndani.

Swali: Mkuu, mbona match ni neno la lugha na bado naweza kulitumia kama jina?
Jibu: Swali zuri sana. match na case zilikuja na 3.10, wakati kodi nyingi tayari zina kitu kama match = re.match(...). Kuzitenga kungevunja zote. Kwa hiyo zinahesabiwa maneno ya lugha pale tu muundo wa sentensi unapodai. type iliongezwa kundi hilo kwenye 3.12. Orodha yao iko kwenye keyword.softkwlist.

Swali: JSON yangu (data ya jozi za ufunguo na thamani) ina ufunguo "from".
Jibu: data["from"] haina shida, hiyo ni matini tu. data.from ndiyo inayokataa. Kwa objekti tumia getattr(data, "from").

Swali: Na jedwali la SQL (lugha ya hifadhidata) linaloitwa order?
Jibu: order limetengwa huko pia. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL lifunge kwa "order", kwenye MySQL kwa `order`, kila mahali linapotajwa. Ukilisahau mara moja tu, hoja (query) inakataa. Liite orders.