Chemsha bongo ya kidijitali darasani: hesabu simu kwanza, programu baadaye

Walimu wengi huanza kwa kuuliza programu ipi ni nzuri. Hesabu kwanza vifaa vilivyomo mikononi mwa wanafunzi, kisha uone intaneti inatoka wapi. Ikiwa ni hotspoti ya simu yako, usitegemee darasa zima kuingia: simu nyingi hukubali vifaa vichache tu, mara nyingi visivyozidi 10.

Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni? Chukua Plickers, programu inayosoma kadi za majibu za wanafunzi kwa kamera ya simu. Simu inayohitajika ni moja, ya mwalimu. Kila mwanafunzi hupewa kadi ya karatasi yenye namba yake na umbo jeusi la pekee, na pembeni mwake zimeandikwa herufi A hadi D. Herufi anayoiweka juu ndiyo jibu lake, na kwa kuwa maumbo hayafanani, kuchungulia kadi ya jirani hakumsaidii kitu. Seti ya kawaida ina kadi 40. Darasa la wanafunzi 70 wakae wawiliwawili, kadi 35 zitatosha, na kule kubishana kabla ya kuinua kadi ni somo tosha.

Kamera ikishindwa kusoma, chunguza vidole kwanza. Mtoto akifunika hata kipande kidogo cha umbo jeusi, jibu lake halionekani. Ashike kadi kwenye ukingo mweupe. Laminesheni inayong'aa nayo hurudisha mwanga, kwa hiyo chapisha kwenye karatasi nene isiyong'aa. Pitisha simu polepole toka upande mmoja wa darasa hadi mwingine. Huna projekta? Andika swali ubaoni, kazi itaendelea.

Kila mtu ana kishikwambi na mtandao unakubali? Hapo Kahoot!, programu ya chemsha bongo ya kushindania pointi, inafaa, ila ijue tabia yake: anayejibu haraka hupata pointi nyingi zaidi. Kwa swali la hesabu, sekunde 20 zinazowekwa mwanzoni humfanya mtoto abahatishe. Weka 60 au zaidi, au zima pointi kabisa.

Google Forms, fomu za maswali za mtandaoni, haina shamrashamra, lakini kwa kazi ya nyumbani ni vigumu kuishinda. Washa mpangilio wa jaribio, weka majibu sahihi na alama. Kwa majibu mafupi, orodhesha kila namna inayokubalika: “5 km”, “5km”, “kilomita 5”. Usipofanya hivyo, aliyepata atahesabiwa amekosa.

Hata hivyo, chombo chochote hakiponyi swali bovu. Majibu yasiyo sahihi yawe makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli. Mfano, 1/2 + 1/3: A 2/5, B 5/6, C 2/6, D 1/6. Aliyechagua A amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Wa C amepata asili (namba ya chini) ya 6 lakini hakubadilisha viasi (namba za juu). Wa D amezidisha. Darasa likimiminika A, acha swali la pili. Chora mstatili ubaoni, ugawe vipande 6, ufundishe upya. Maswali 3 hadi 5 ya namna hii yanatosha kipindi cha dakika 40.

Umeme au bando likikatika katikati, vidole kifuani: kimoja A, viwili B, vitatu C, vinne D. Kifuani, si hewani, maana hewani wataigana.