Magamba ya Nguva kwa Soksi ya Wavu

Anayetaka kuhudhuria sherehe ya mavazi ya kuigiza akiwa nguva hana haja ya kuchora magamba moja moja, kwa kuwa soksi ndefu ya wavu itamfanyia kazi hiyo. Paka kwanza fandesheni na poda, vuta soksi kichwani hadi ibane mashavu na paji la uso, kisha gongagonga kwa sponji rangi ya macho ya buluu, kijani au zambarau, ukiikoleza pembeni mwa uso na kuipunguza kuelekea puani. Unapoivua, inyanyue kutoka usoni, usiiburute, kwani ikiburutwa hufuta mistari yote. Kwenye ngozi nyeusi rangi hizo huonekana vizuri zaidi zikitanguliwa na tabaka jembamba la krimu nyeupe.

Nywele zitengenezwe mwishoni, maana wavu huzivuruga. Rasta za buluu zilizosukwa pamoja na waya mwembamba hukunjika kama mawimbi, na kombe ndogo za baharini hushikizwa kwa pini. Vumbi la kumetameta la kazi za mikono, hata likipendeza namna gani, lisikaribie macho, kwa sababu chembe zake huweza kuyakwaruza. Tumia lililotengenezwa kwa ajili ya uso.