Kabla Hujampeleka Mwanafunzi Asiyeona Mashindanoni

Fomu za ruhusa zitiwe sahihi mapema. Maji ya kunywa yawepo. Kila mtoto na fimbo yake nyeupe.

Wenye ualbino, na wengi wao wana uoni hafifu, wapakwe losheni ya kuzuia jua kabla ya kutoka, kisha wapakwe tena kila baada ya saa mbili. Kofia pana, mikono mirefu. Jua la Mombasa halingoji saa sita.

Kukiwa na goliboli, mchezo wa mpira wa wasioona, mwonye mshereheshaji azime muziki. Mpira ule wa kilo 1.25 una kengele ndani, na mchezaji anaufuata kwa sikio tu. Shangwe zingoje bao.

Mwelekezi wa mbio, yule anayeona na kukimbia na mtoto wakiwa wameshika kamba moja, asiokotwe asubuhi hiyohiyo. Wafanye mazoezi pamoja, kamba mikononi, mpaka hatua zilingane. Hata Henry Wanyoike, mkimbiaji Mkenya asiyeona, kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, alilazimika kumkokota mwelekezi wake mgonjwa hadi mwisho wa mita 5,000, akatwaa dhahabu. Wasimulie wanafunzi wako habari hiyo.

Sasa uwanja. Mwaka mmoja nilimpeleka kijana wa darasa la sita kwenye uwanja fulani hapa kisiwani, siku moja kabla ya mashindano. Tuliitembea njia yake mara tatu, akahesabu hatua, akainama kupapasa chokaa ya mstari. Kesho yake angekimbia peke yake akifuata sauti yangu. Alfajiri wakaja wafunga hema. Mimi nilishughulika na fomu, nikautazama mstari ulivyo chini, nikaridhika. Kumbe kamba ya hema la wageni imekatiza njia, nyembamba, kimo cha shingo ya mtoto. Mimi ninayeona sikuiona. Nikaita, "Njoo! Njoo!" Akaja kwa mbio zake zote, akiniamini. Kamba ikamkwaa chini ya kidevu, akaanguka chali. Nilipomfikia alikuwa akipapasa hewani hadi akaikamata, akaniambia, "Mwalimu, jana hii haikuwapo." Muhula mzima hakukimbia. Alikubali kwaya tu, na huko nako alitaka kusimama karibu na ukuta.

Kwa hiyo utembeeni tena asubuhi ileile, hema zikishafungwa. Atembee mwenyewe, aguse kila kilichoongezwa: kamba, vigingi, spika, nyaya. Kisha mtu mmoja asiye na kazi nyingine apite njia nzima, mkono mbele kifuani, dakika chache kabla ya mbio. Kikihamishwa kitu, mtoto aambiwe kabla ya kuitwa mstarini.

Jukwaani ni hivyo hivyo: ukingo, ngazi, waya wa maikrofoni. Bwawani awepo wa kumgusa mwogeleaji kwa fimbo yenye ncha laini anapokaribia ukuta. Mkirudi kwa feri ya Likoni, ngojeni umati ushuke kwanza. Mtoto ashike kiwiko chako, usimvute mkono. Viatu navyo vikaguliwe, na kamba zake zifungwe vizuri, na mkiketi, mwambie mtoto nani amekaa kushoto kwake.