Turu ya zamani ya precision: namna ya kuitambua na kuigeuza itumike na moto wa monofaze wa nyumbani

Ndugu yangu, kama uko hapa Lushi (Lubumbashi) ama Likasi na umepata turu ndogo ya precision (masini inayozungusha chuma ili kisu kikichonge kwa kipimo kidogo sana) kwa batu ba mitraye, wale wa chuma chakavu, ama kwa ateliye iliyofungwa, tafadhali usianze na kukata wala kutoboa kitu. Katanga yetu ilipata masini za namna hii mingi juu ya mine, kampuni ya Union Minière ilikuwa hapa toka 1906, kisha serikali ikaichukua 1967, ile iliyokuja kuitwa Gécamines, na ateliye kubwa sawa zile za Panda kule Likasi zilipashwa kutengeneza vipande hapahapa. Leo batu wanaona uchafu mweusi na motere iliyoungua, wanaiuza kwa kilo sawa chuma cha mlango. Inaniuma sana. Thamani yote ya turu ya precision iko kwa broshi (ile nondo kubwa inayozunguka na kushika kazi) na kwa kitanda chake, na motere kuungua haigusi hivyo viwili hata kidogo.

Mbele ya yote, ujue ni masini gani. Usiamini rangi, usiamini plaki peke yake, juu plaki zinahamishwa, na namba kubwa zilizoinuka kwa chuma cha kumwagwa ni namba za kalibu, si modeli. Namba ya masini mara mingi imepigwa kwa nyundo kwa ncha ya kitanda upande wa kontrapointi (kile kichwa cha pili kinachoshikilia kazi kwa ncha), chini ya rangi na mafuta yaliyoganda. Sugua na kitambaa na petroli ya taa, apana papieri-emeri.

Kisha pima urefu toka kitanda mpaka katikati ya ncha ya broshi. Hii ni muhimu sana juu Schaublin, wale ba Suisse wa Bévilard, wanaita masini zao kwa hiyo namba: Schaublin 70 iko na 70 mm, Schaublin 102 iko na 102 mm. Ukikuta 102 bila plaki, na pensi zake (vile vikopo vilivyopasuliwa vinavyoingia ndani ya broshi na kubana kazi) ziko na mwili wa 20 mm, hizo zinaitwa W20, basi umeshika kitu kizuri sana. Schaublin 70 kawaida ni W12, mwili 12 mm. Zipo pia W25. Hardinge ya Marekani, kutoka Elmira, inatumia pensi 5C zenye mwili 31,75 mm, zinashika chuma cha mviringo mpaka karibu 28,6 mm. Kwa hiyo ukiwa na pensi moja tu na piakulisi (kile kipimo cha kuteleza), tayari umejua nusu ya habari. Kama muuzaji iko na kasha la pensi, nunua pamoja na masini siku ileile, juu kuzitafuta baadaye moja moja ni bei kali kuliko turu yenyewe.

Pua ya broshi nayo inasema. Kama ni fileti (mizunguko sawa ya visi), mandreni (kile kichwa chenye meno kinachoshika kazi) inafungwa kwa kuzungusha. Kama unaona pini tatu zinazokazwa na ufunguo kando, ni kamlok, D1-3 ama D1-4, na toka D1-5 kupanda pini zinakuwa sita. Shika hii habari ya fileti, nitaifikia tena huko chini juu iko na hatari.

Milimita ama inchi? Angalia visi ndefu inayovuta shario (kigari kinachobeba kisu). Pima fileti 8 pamoja: zikifika 25,4 mm ni ya inchi, 8 kwa inchi, hatua 3,175 mm. Ya milimita utakuta 3, 4 ama 6 kamili. Sasa batu wengi wanaogopa masini ya inchi sababu ya visi, lakini haina shida kubwa, pinyoni (gurudumu la meno) ya meno 127 inakupa milimita kamili juu 127 ni 25,4 mara 5. Haipatikani? Tumia ya 63: kwa visi ya 8 kwa inchi, unataka hatua ya 1 mm, weka 63 ikiendesha 80, kisha kwa ekse moja na hiyo 80 weka 40 ikiendesha 100. Uwiano unatoka 0,315 mahali pa 0,31496. Kosa liko kama 0,012 mm kwa urefu wa 100 mm, kwa bulo hautaliona.

Sasa kuigeuza. Sheria yangu ni moja: kila unachobadilisha kiweze kurudi namna kilikuwa. Usikate chuma cha masini, usitoboe kitanda, na usitoe broshi eti juu ya kuingiza mkanda mpya. Hapo njo masini mingi za precision zinafia! Rulema zake (beringi) zilikazwa kwa kipimo kidogo sana, ukizifungua bila kujua hautazirudisha. Tumia mkanda bapa wa kuunganisha, unapita bila kufungua kitu.

Motere: moto wa nyumbani ni monofaze (faze moja), lakini wewe tafuta motere ya trifaze (faze tatu), 0,75 kW inatosha kwa turu ya ukubwa wa 102, tours 1400 na kitu. Soma plaki vizuri. Inapashwa kuandikwa 220/380 ama 230/400, juu variatere (kasanduku ka elektroniki kanakogeuza monofaze kuwa trifaze na kubadilisha mwendo wa motere) inayokula monofaze 220 inatoa trifaze ya 220, haitoi 380. Kwa hiyo motere unaifunga triangli: ndani ya kasanduku kake vile vipande vitatu vya shaba visimame wima, kila kimoja kinaunga juu na chini. Vikilala kwa mstari mmoja ni nyota, motere itazunguka bila nguvu. Ikiandikwa 380/660, iache. Variatere yenyewe unaipa waya wa 2,5 mm², dijonktere yake, na waya wa udongo kwa kitanda cha masini, huo usiusahau. Ifunge ndani ya kasha, juu vumbi letu jekundu la kiangazi na unga wa chuma vinaiua upesi. Na kati ya variatere na motere usiweke swichi yoyote, kuanza na kusimama kunapita kwa variatere yenyewe.

Andika ndani ya variatere ampere za plaki ya motere, mwendo wa chini 20 Hz, wa juu 70 Hz, na hata hivyo usitupe puli za zamani, juu kwa 20 Hz motere inazunguka polepole, feni yake haipulizi, na nguvu inapungua. Kama pua ni ya fileti, weka muda wa kusimama sekunde 5 ama zaidi, juu ukifunga breki ya ghafla mandreni inaendelea kuzunguka, inajifungua na kuruka. Inaweza kuvunja mguu wa mtu. Na kwa delestaji yetu (moto kukatwa kila mara), zima ile fonksio ya kujirudisha: moto ukirudi, masini ikae kimya mpaka wewe ubonyeze. Ukitaka kufungua variatere, kata moto kisha ngoja dakika 10, ndani kunabaki umeme.

Kuanza, tia mafuta mepesi mahali pa mafuta (apana grisi kwa kikombe cha mafuta!), zungusha kwa mkono, kisha 20 Hz dakika kumi huku unagusa upande wa rulema na kiganja. Ikiwa vuguvugu sawa, ikichoma simamisha. Weka komparatere (saa ya kupima kuyumba) ndani ya koni ya broshi: kuyumba kukipita 0,01 mm, safisha tena mbele ya kulaumu rulema, mara mingi ni kipande kidogo cha uchafu.

Mwisho shika nondo bila kontrapointi, kata urefu wa 100 mm kwa pasi nyepesi, pima unene wa ncha mbili. Zikitofautiana, kwanza cheza na miguu ya masini, weka vibati chini ya mguu mmoja kidogo kidogo na ukate tena, juu kitanda kinajipinda kwa sakafu isiyo sawa. Bulo za kichwa cha masini usiziguse mpaka miguu imemalizika.