Kucheza gofu ya diski kwenye msitu wenye mteremko

Mimi ni fundi wa umeme, na mchezo huu niliukuta kazini. Nilikuwa nimeitwa kubadilisha swichi kwenye boma moja upande wa Lower Kabete, pembeni mwa Nairobi, shamba refu linaloteremka mpaka kwenye kijito. Nikiwa juu ya ngazi nikaona kisahani cha rangi ya waridi kikipita katikati ya mikaratusi, kikapinda, kikagonga minyororo: chaa! Nikashuka kuuliza. Mwaka wa nne huu, Jumapili mchana hunikosi huko, na kikapu cha shimo la saba nilikitengenezesha mwenyewe kwa mafundi wa jua kali pale Kamukunji baada ya kile cha kwanza kuliwa na kutu.

Ambaye hajauona, ni gofu kweli, ila unarusha diski kwa mkono, na badala ya tundu ardhini kuna kikapu cha chuma juu ya mlingoti, chenye minyororo ya kuinasa. Kila kituo chenye kikapu bado tunakiita shimo. Unarusha, unaifuata ilikoangukia, unarusha tena kutoka hapo hapo mpaka iingie. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kikapu cha minyororo kilibuniwa na Mmarekani Ed Headrick, aliyejenga uwanja wa kwanza wa kudumu California mwaka 1975. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya diski, kama alivyotaka. Huwa namkumbuka nikiwa kwenye thabai, majani yale yanayowasha, mpaka kiunoni nikitafuta yangu.

Kwenye uwanja wa wazi mwenye misuli atakutesa. Msituni misuli hiyo hiyo inamponza. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha diski za mbali nyumbani, zile zenye ukingo wa makali. Zinataka kasi kubwa. Ukizirusha taratibu huanguka kushoto mapema, na zikigonga mti hurukia msitu wa jirani. Mimi huingia na tatu tu: mbili za masafa ya kati na moja ya kumalizia, ile yenye ukingo mnene butu. Ya kati ikigonga gogo hudondoka karibu na gogo.

Tena Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi haiibebi diski vizuri. Anayerusha kwa mkono wa kulia, mkono ukivuka kifua, ataona diski inawahi kukatia kushoto kuliko anavyoona kwenye video za Wazungu. Dawa yake ni diski nyepesi, gramu 150 hadi 165, na iliyochakaa. Diski mpya ni kaidi. Iliyogonga miti mwaka mzima imelainika, inanyooka.

Rangi nayo si urembo. Nyekundu hupotea kwenye udongo wetu, njano hupotea kwenye majani makavu ya mkaratusi, na zambarau yangu niliipoteza Oktoba chini ya mjakaranda uliokuwa umemwaga maua yote. Nunua waridi au buluu ya angani, uandike jina na simu mgongoni.

Sasa tuje shimo la nne, maana aliyelielewa shimo la nne ameuelewa uwanja mzima. Kikapu kiko mita 70, mteremko wa kushuka, kimejificha kushoto. Mbele yako, kama hatua kumi na tano, kuna mikaratusi miwili iliyoachana upana wa mlango wa matatu. Siku yangu ya kwanza nilikitazama kikapu, nikakirushia, nikatumia mirusho kumi na mmoja. Kosa lilikuwa macho. Usiangalie kikapu. Simama, ujiulize diski ikishapita kwenye ule mlango itatua wapi, na ukiwa pale utakiona kikapu au utaona shina lingine? Tafuta kwanza pa kutua, kisha rudi nyuma kwa macho mpaka kwenye mlango, kisha mpaka kwenye mkono wako. Pale shimo la nne pa kutua ni kiwanja kidogo cha nyasi upande wa kulia, mita 40 hivi, ambacho hakuna mgeni anayekitaka kwa sababu hakiko upande wa kikapu. Ukitua hapo, wa pili unakukaribisha, wa tatu unaingia. Anayejaribu kufika kwa mmoja hufika kwa sita.

Unapopitisha diski kwenye mlango, itoe ikiwa bapa kama sinia ya chai unayomwekea mgeni. Ukingo wa nje ukiinama, itakata kushoto. Ukiinuka, itaelekea kulia. Na usikimbie kabla ya kurusha. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu rusha umesimama, miguu imetanuka, nguvu robo tatu. Niliwahi kukimbia baada ya mvua ya Aprili. Diski ilienda mita 20, mimi nilienda kumi.

Kupanda mlima, kila mtu huinua pua ya diski, yaani ukingo wa mbele, akidhani anaisaidia. Inapanda, inasimama hewani kama imesahau kitu, halafu inarudi nyuma kwake. Mabega yalale nyuma kidogo kufuata mlima, lakini pua ielekee kwenye udongo wa mbele, si mawinguni. Kushuka ni kinyume: bega la mbele lishuke, na uchague diski ya polepole zaidi kuliko unavyofikiri, maana inakaa hewani muda mrefu na kila kosa dogo linapata nafasi ya kukua.

Ukiangukia nyuma ya mti, usianze kuvunja matawi. Mti ni sehemu ya uwanja, na ukiuvunja makusudi unaadhibiwa. Majani makavu na vijiti vilivyolala unaposimama unaweza kuviondoa. Kinachookoa watu ni miguu: mmoja lazima ukanyage nyuma ya alama ya pale diski ilipolala, ndani ya kijisehemu cha upana wa sentimita 20 na urefu wa 30, lakini wa pili unaweza kuunyoosha mbali kando upendavyo, mradi usisogee karibu na kikapu kuliko alama. Piga goti ukitaka. Mara nyingi kuchungulia huko kwa pembeni kunakufungulia mlango ambao ukisimama wima huuoni. Kama hakuna mlango, irudishe diski kwenye njia kwa mrusho mfupi, hata wa kurudi nyuma. Inauma roho, najua.

Karibu na kikapu ndipo mabonde huwa makatili. Shimo la saba kikapu kiko ukingoni kabisa, nyuma yake mteremko hadi kijitoni. Nilikuwa mita sita, nikairusha kwa hasira ya shimo la sita. Ikagonga mkanda wa juu, ikaangukia ukingo wake, ikasimama kama gurudumu, ikaanza safari. Mzee, soja wa lile boma, alikuwa ameketi chini na fimbo yake ya mwanzi.

"Mzee, umeiona diski yangu?"

"Kijana wangu, imepita hapa ikisema ina kiu."

Tangu siku ile, nikiwa juu ya mteremko narusha polepole na bapa, ili ikikosa minyororo ilale chini ya mlingoti. Nikiwa chini ya kikapu naruhusu nguvu zaidi, lakini kama niko zaidi ya mita nane siirushi kuingia, naisogeza tu. Na ndani ya mita 10 sheria inakutaka utulie ukiwa umesimama imara kabla ya kuvuka alama yako. Kwenye mteremko hapo ndipo watu hupepesuka wakavuka. Elekeza vidole vya miguu kando, usivielekeze chini.

Diski ikipotea mna dakika tatu za kutafuta, kisha unarudi ulikorushia na unaongezewa mrusho mmoja. Kwa hiyo mmoja wenu atangulie mbele asimame pembeni akiangalia, nyuma ya shina nene. Apige kelele akiona inakoangukia. Ataje mti, asiseme "kule".

Msimu wa mvua chomeka suruali ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu, na uangalie unapopiga goti. Beba kitambaa kikavu, kwa sababu diski yenye matope huteleza mkononi na kwenda inakotaka. Na ukishafika shimo la saba, kabla hujarusha, tazama kwanza kama Mzee ameketi chini pale na fimbo yake. Kama hayupo, mimi husogeza tu.