Somo: Kuhifadhi grafu za 3D kuwa faili za picha

Habari wakuu. Wengi tukishachora grafu ya 3D tunapiga picha ya skrini, tunakata kingo, tunabandika kwenye ripoti. Kwenye kompyuta inapendeza, ikichapishwa namba za mihimili hazisomeki. Ni kwa sababu picha ya skrini haiwezi kuwa na pikseli nyingi kuliko dirisha ulilopigia. Programu ikiagizwa kuandika faili huichora grafu upya, kwa ukubwa utakaoutaja wewe. Kwa hiyo kila unachokitaka kwenye picha kiandike kwenye skripti, usikiache kwenye kipanya.

Natumia Python na matplotlib, maktaba yake ya kuchora grafu. Mnaotumia gnuplot, programu nyingine ya kuchora grafu, jibu lenu liko kwenye maswali.

Hatua ya 1: chora uso

```
import numpy as np
import matplotlib.pyplot as plt

x = np.linspace(-8, 8, 200)
X, Y = np.meshgrid(x, x)
Z = np.sin(np.sqrt(X**2 + Y**2))

fig = plt.figure(figsize=(6.4, 4.8))
ax = fig.add_subplot(projection='3d')
ax.plot_surface(X, Y, Z, cmap='viridis',
                rcount=200, ccount=200)
```

Msiziruke `rcount` na `ccount`. Usipozitaja, matplotlib huchukua sampuli zisizozidi 50 kila upande, hata kama data yako ina nukta elfu. Mtu anaongeza nukta, anaongeza tena, uso unabaki na mikunjo ileile, kisha anailaumu picha.

Hatua ya 2: funga pembe

```
ax.view_init(elev=35, azim=-50)
```

`elev` ni mwinuko wa jicho, `azim` ni mzunguko wa kuzunguka mhimili wa z. Usipoandika kitu unapewa 30 na -60. Kupata pembe nzuri, fungua dirisha kwa `plt.show()`, zungusha kwa kipanya mpaka uridhike, lifunge. Mstari unaofuata uwe `print(ax.elev, ax.azim)`. Nakili namba hizo kwenye `view_init`, na mwakani ukichora upya utapata picha ileile. Mwinuko wa 90 ni kutazama kutoka juu kabisa; hapo bonde na kilima havitofautiani kwa umbo, ni heri uchore kontua (mistari ya kimo sawa).

Hatua ya 3: andika faili

```
fig.savefig('uso.png', dpi=300)
plt.show()
```

Ukubwa kwa pikseli ni inchi za `figsize` mara dpi (pikseli kwa kila inchi): 6.4 × 300 ni 1920, 4.8 × 300 ni 1440. Maandishi yakiwa madogo mno kwenye ripoti, punguza `figsize`. Kuongeza dpi hakuyakuzi, kunayanoa tu.

Hatua ya 4: aina ya faili

Matplotlib huitambua kwa herufi za mwisho za jina la faili. PNG inatosha kwa kazi nyingi. JPEG mimi siipendi kwa grafu, inachafua kingo za mistari na herufi. PDF na SVG ni za vekta (huhifadhi mistari na maumbo, si pikseli), zinakuzwa bila kuharibika, lakini kwa 3D kuna mtego: uso wetu una vipande 199 × 199, yaani 39,601, na kila kimoja huandikwa peke yake. Faili linakuwa zito, na visomaji vingine vya PDF huonyesha vistari vyeupe kati ya vipande. Ongeza `rasterized=True` ndani ya `plot_surface`: uso utahifadhiwa kama pikseli, maandishi na mihimili vitabaki vekta.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Mbona faili langu linatoka jeupe tupu?

Jibu: Bila shaka umeandika `plt.savefig` baada ya `plt.show()`. Dirisha likishafungwa, `plt` haina tena grafu ya kuhifadhi, inakufungulia mpya isiyo na kitu. Hifadhi kwanza, onyesha baadaye.

Swali: Natumia `bbox_inches='tight'` kuondoa nafasi tupu pembeni, ila jina la mhimili wa z linakatwa.

Jibu: Weka na `pad_inches=0.3`. Likikatwa bado, `ax.set_box_aspect(None, zoom=0.85)` itausogeza mchoro mzima ndani. Kumbuka 'tight' hubadilisha vipimo, kwa hiyo ukidaiwa 1920 × 1440 kamili, achana nayo.

Swali: Nina nyuso mbili zinazokatana. Kwenye picha moja inaifunika nyingine mahali ambapo haipaswi.

Jibu: Hilo si kosa la kuhifadhi, ndugu. Matplotlib haina 3D ya kweli. Hupanga vitu kwa umbali kisha hupaka cha mbele juu ya cha nyuma, na uso mmoja huhesabiwa kitu kimoja. Kwa nyuso zinazokatana hamia PyVista, maktaba nyingine ya Python (`import pyvista as pv`): `pv.Plotter(off_screen=True)`, ongeza nyuso zako, kisha `screenshot('uso.png')`.

Swali: Na sisi wa gnuplot? Faili linatokea lakini halifunguki.

Jibu: Halijafungwa bado. Mstari wa mwisho hapa ndio unaolifunga:

```
set terminal pngcairo size 1600,1200
set output 'uso.png'
set isosamples 80
splot sin(sqrt(x**2+y**2)) with pm3d
unset output
```

`isosamples` ya kawaida ni 10 tu, ndiyo maana nyuso za gnuplot za wengi zina makunyanzi.

Swali: Skripti yangu iko kwenye seva isiyo na skrini, inatoa picha 72 za mzunguko na kumbukumbu inajaa.

Jibu: Kabla ya kuagiza `pyplot`, andika `import matplotlib` halafu `matplotlib.use('Agg')`; haitahitaji skrini. Usichore uso upya kila mara: chora mara moja, ndani ya kitanzi badilisha `view_init` na uite `savefig` tu. Kama lazima grafu iwe mpya kila picha, malizia na `plt.close(fig)`.